Naomba ushauri: nimezipenda tamthilia za kale za Kichina, nijifunze lugha kwa njia gani?

Binti Uluguru aliandika:

Habari za wakati huu, wanajukwaa wenzangu.

Ninaishi Morogoro na ni mhasibu, kazi isiyohusiana kwa namna yoyote na China. Mapenzi yangu yalianza na tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo wengi wetu tulizijua baada ya TBC kurusha ile ya Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011. Siku hizi ninachofuatilia zaidi ni tamthilia za mavazi ya kale: zile za fitina za kasri, na zile za wuxia, yaani za mabingwa wa upanga wanaozunguka nchi wakitetea wanyonge kwa kanuni zao wenyewe. Nimesoma pia riwaya za Jin Yong, mwandishi maarufu wa wuxia, katika tafsiri ya Kiingereza, na hamu yangu kubwa ni kuzisoma siku moja kama alivyoziandika yeye mwenyewe.

Nimekwisha kujifunza pinyin, yaani Kichina kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, na ninatambua maneno mengi ninapoyasikia, lakini kusoma herufi bado siwezi. Ndugu zangu wananihimiza nijifunze Kichina cha biashara, kwa hoja kwamba lugha isiyoleta kipato ni kupoteza muda. Mimi sina nia ya biashara. Ninazipenda hadithi zenyewe.

Naomba kujua kama mtu wa aina yangu anaweza kutegemea tamthilia na nyimbo, au ni lazima nifuate mtiririko wa HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni. Vilevile ningependa maoni yenu kuhusu kuziandika herufi kwa mkono, kwa kuwa wengine wanasema siku hizi inatosha kuzitambua tu.

Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Dada, hongera kwa hamu hiyo, na usikubali mtu aidharau. Nimefundisha Kichina kwa muda mrefu, na wanafunzi wanaodumu ni wale wenye kitu wanachokipenda ndani ya lugha.

Tamthilia ni mwalimu mzuri kwa sababu mbili ambazo watazamaji wengi hawazitambui. Kwanza, nyingi ya tamthilia za kale hutiwa sauti upya studioni na waigizaji wa sauti, hata pale mwigizaji anayeonekana anapokuwa Mchina, hivyo matamshi unayoyasikia ni ya Kichina sanifu kilichonyooka. Pili, karibu zote huwa na maandishi ya Kichina chini ya skrini, kwa kuwa China ina lahaja nyingi zisizosikilizana na maandishi ndiyo yanayowaunganisha watazamaji. Ukiyatazama maandishi hayo huku ukisikiliza, unasoma bila kujua kwamba unasoma.

Nyimbo zitumie kwa uangalifu zaidi. Kichina sanifu kina toni nne, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka katika silabi, pamoja na silabi zisizo na toni, na toni ndiyo inayotenganisha mā, mama, na mǎ, farasi. Katika nyimbo za Kichina sanifu, melodia kwa kawaida huifunika toni, hivyo mtu aliyejifunza neno kwa kuimba tu hajui toni yake. Msikilize mwimbaji Teresa Teng upendavyo, kwani alikuwa na matamshi safi mno, lakini kila neno jipya ulipatalo kwake litafute katika kamusi kabla hujalitumia. Programu ya simu ya Pleco inakutosha, na kamusi yake ya msingi ni ya bure.

Kuhusu HSK, mtihani si lazima, lakini orodha zake za maneno ni za thamani. Katika mfumo wa ngazi sita uliotumika tangu mwaka 2010, ngazi ya nne ina maneno 1,200, na bila hayo utakuwa ukijenga juu ya mchanga. Mfumo wa ngazi tisa uliotangazwa mwaka 2021 una mgawanyo tofauti, kwa hiyo angalia kitabu chako kinafuata upi.

Msafiri wa Kariakoo alijibu:

Namuunga mkono mwalimu, ila niongeze tahadhari moja. Kichina cha kasri hakisemwi mtaani. Mfalme wa tamthilia hujiita zhèn, mke wake hujiita běngōng, na bingwa wa upanga hujishusha kwa kusema zàixià. Nimekwenda Guangzhou mara nyingi kununua bidhaa, na sijapata kumsikia mtu yeyote akijiita hivyo. Kila mtu ni wǒ, yaani “mimi”. Kwa hiyo kila wiki tazama pia tamthilia ya maisha ya leo, ya familia au ya ofisini, ili masikio yako yawe na mizani.

Ujue pia kwamba filamu nyingi za zamani za kung fu tulizokulia nazo zilitengenezwa Hong Kong, na lugha ya huko ni Kikantoni, ambacho utakisikia Guangzhou pia. Usivunjike moyo ukikuta huelewi chochote, maana ni lugha nyingine kabisa kwa sikio.

Kuandika kwa mkono ningekushauri uache. Mimi ninaandika pinyin kwenye simu, herufi zinatokea, ninachagua. Inatosha.

Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Ndugu Msafiri, kwa mfanyabiashara nakubaliana nawe, lakini kwa msomaji wa riwaya siwezi. Atakayeifahamu herufi kwa sura yake ya jumla tu atazichanganya zinazofanana pindi zitakapofika mia kadhaa. Tazama hizi: 清, 请, 情, 晴. Zote zina upande wa kulia 青, unaodokeza sauti qing, na upande wa kushoto ndio unaodokeza maana: maji kwa usafi, maneno kwa kuomba, moyo kwa hisia, jua kwa anga iliyotakata. Herufi nyingi za Kichina zimeundwa kwa namna hii, na mkono ndio unaomfanya mwanafunzi aone viungo hivyo badala ya kuona vurugu ya mistari. Simshauri dada aziandike zote. Aandike mia mbili au mia tatu za mwanzo, kwa mpangilio sahihi wa mistari, kisha azitambue zilizobaki kwa kusoma.

Mtoto wa Bukoba alijibu:

Naomba kuongeza kuhusu toni. Kiswahili hakina toni, lakini lugha zetu nyingi za Kibantu, Kihaya na Kikikuyu zikiwamo, zinazo. Mwenye lugha ya namna hiyo nyumbani amekwisha kuzoea kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linaweza kubadilika. Jirekodi ukirudia sentensi moja ya tamthilia, kisha sikiliza sauti yako sambamba na ya mwigizaji. Rudia sentensi nzima, kwa sababu toni hubadilika zinapokutana: katika nǐ hǎo, yaani “hujambo”, silabi zote mbili huandikwa kwa toni ya tatu, lakini silabi ya kwanza hutamkwa kwa toni ya pili.

Binti Uluguru aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeamua kufuata orodha hadi ngazi ya nne, na kuandika herufi za mwanzo kwa mkono kama alivyoelekeza mwalimu. Swali langu la mwisho: nikifika hapo, nianze na Jin Yong moja kwa moja?

Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Hapana, dada yangu, subiri. Jin Yong aliandika riwaya zake kati ya mwaka 1955 na 1972 kwa ajili ya wasomaji wa magazeti ya Hong Kong, na Kichina chake kimejaa misemo ya herufi nne na mabaki ya wenyan, lugha ya maandishi ya kale iliyotawala hadi vuguvugu la Mei 4, 1919 liliposukuma mbele uandishi unaofuata usemaji wa kawaida. Anza na vitabu vilivyorahisishwa kwa wanafunzi, kisha riwaya ya leo ambayo tamthilia yake umekwisha kuitazama, ili hadithi unayoijua ikusaidie palipo na ugumu.

Ukiwa tayari kwa Jin Yong, nunua toleo la herufi zilizorahisishwa, kwa kuwa ndizo utakazokuwa umejifunza. Matoleo ya Hong Kong na Taiwan hutumia herufi za jadi. Chagua sura moja tu yenye tukio unalolikumbuka vizuri, na uweke tafsiri yako ya Kiingereza pembeni.