TR6 ya mzee: geji ya joto na ya petroli zote zinasoma juu, nianzie wapi?

mtoto_wa_ngara

Wadau habari za jioni. Naomba mnisaidie ju nimetumia pesa mpaka nimechoka. Hapa kwetu kuna gari ya zamani, Triumph TR6 ya 1973, ni ya mzee wangu, tuko nayo tangu niko darasa la pili, na saa hii mzee ana miaka 78 na raha yake ni kuzungushwa nayo Jumapili baada ya kanisa, hata kama ni kufika Karura tu na kurudi. Injini ni ile ile ya silinda sita, 2498cc, injeksheni ilitolewa kitambo ikawekwa kabureta.

Shida ni hii. Tangu Septemba geji ya joto inapanda vibaya. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale uko chini, lakini ikishapata moto unapita katikati unaendelea tu mpaka karibu na H (moto sana), na nikishika Thika Road nikakanyaga kidogo unazidi. Nimeweka thamostati mpya ya digrii 82, redieta imetolewa ikaoshwa, kifuniko cha redieta kipya, mkanda wa feni mpya, pampu ya maji mpya. Jumla ni elfu 38 na mia kadhaa na mshale uko pale pale. Ajabu ni kwamba gari haichemki, maji hayapungui, hakuna mvuke wala harufu.

Halafu kuna kitu ingine sijui kama inahusiana. Jumamosi iliyopita imenizimikia hapo Roysambu ju petroli imeisha kabisa na geji inaonyesha robo na kitu. Mzee alikuwa ndani. Tulikaa kando ya barabara karibu dakika arobaini tukingoja mtu wa boda atuletee petroli kwa mtungi, jua linawaka, malori yanapita karibu, na kusema ukweli iliniuma sana kumuona hapo. Mshale wa rpm (mizunguko ya injini) nao unatetemeka nikiwa mwendo wa chini.

Sasa naambiwa ninunue geji zote mpya kutoka Uingereza. Kabla nitoe hiyo pesa, nianzie wapi?

rpm_umoja

Pole sana ndugu. Mimi ningeanza na sensa ya joto, ile imefungwa karibu na thamostati. Zikizeeka zinadanganya. Na usiendelee kuendesha kabla ujue kama gaskiti ya kichwa iko sawa, hizi injini za chuma ukizipika mara moja utajuta.

fundi_taa_kirinyaga

Ngoja kwanza, asinunue kitu tena. Soma tena alichoandika. Geji mbili zimeharibika, na zote mbili zinadanganya kwa upande mmoja, yaani zinasoma juu. Sensa ya joto haiwezi kufanya geji ya petroli iseme robo wakati tanki ni tupu. Pampu ya maji pia haiwezi. Tafuta kile kitu hizo geji mbili zinashirikiana.

Na hicho kitu kipo. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo cha bati kinaitwa stebilaiza ya volti. Geji za kampuni ya Smiths za wakati huo hazikutengenezwa zikule volti 12 moja kwa moja, zinataka 10. Ndani ya stebilaiza kuna kipande cha metali mbili zimebandikwa pamoja na juu yake kumezungushwa waya mwembamba. Huo waya ukipata moto kipande kinapinda, kinakata umeme, kikipoa kinarudi, kinaunganisha tena, hivyo hivyo siku nzima. Kwa hivyo zinatoka 12, halafu sufuri, halafu 12, na wastani wake ni kama 10. Mshale hauchezi ju geji zenyewe pia zinafanya kazi kwa joto, ziko polepole.

Sasa huyo waya mwembamba, ndio upate moto, lazima umeme wake ufike kwa athi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwa betri, na athi yake inapitia ganda la stebilaiza. Ukiipoteza hiyo athi, waya hauwaki, kipande hakipindi, njia ya umeme inabaki imeunganishwa na volti zote za betri zinaingia kwa geji. Injini ikizunguka alteneta inatoa kama 14. Piga hesabu: 14 badala ya 10, joto ndani ya geji linakaribia mara mbili. Ndiyo maana petroli inaisha na mshale bado umesimama.

Nina maswali mawili tu. Usiku ukiwasha taa kubwa ukiwa umesimama, mishale inashuka kidogo? Na kuna mtu aligusa nyuma ya dashibodi kabla ya Septemba?

mtoto_wa_ngara

Mkuu umenishtua. Ndio, inashuka! Niliona hiyo ya petroli ikirudi chini kidogo usiku nikiwasha taa nikadhani ni macho yangu.

Na Agosti tulitoa dashibodi yote. Ile mbao ilikuwa imepasuka vanishi, mzee alikuwa anataka aione vile ilikuwa zamani, tukampelekea fundi wa mbao akaifanya kazi safi sana, hata sasa ukiiona utaipenda. Mtu wa umeme akarudisha geji. Sikuunganisha hizo mambo kwa akili kabisa ju geji zote zilikuwa zinawaka na kutembea.

fundi_taa_kirinyaga

Basi uko karibu sana. Dashibodi ya TR6 ni mbao, na mbao haipitishi umeme. Kwa gari yenye dashibodi ya bati geji inapata athi yake kwa kufungwa tu, lakini hapo kwako kila kitu kinategemea zile waya nyeusi ndogo zinazoruka kutoka geji moja hadi nyingine halafu zinaenda kwa bodi ya gari. Moja ikisahaulika, au ikifungwa juu ya vanishi mpya, athi imekwisha.

Kuipima ni rahisi na haitaki pesa. Chukua kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili. Swichi ikiwa imezimwa, shika ganda la stebilaiza upande mmoja, na upande mwingine shika chuma kitupu cha bodi, si mahali pa rangi. Washa injini ikiwa na moto wake wa kawaida, ngoja dakika moja hivi. Kama ni athi utaona mishale yote miwili inateremka polepole yenyewe mbele ya macho yako. Zikikataa kushuka na athi iko, hapo stebilaiza imeungua ndani na inabadilishwa.

Waya za kukuongoza ni rangi: kijani ndiyo inaleta umeme kwa stebilaiza, kijani hafifu inatoka kwenda kwa geji, kijani yenye mstari mweusi inaenda kwa tanki, kijani yenye mstari wa buluu inaenda kwa sensa ya joto. Tafadhali sana, kabla uingize mkono huko nyuma kufungua chochote toa waya wa betri. Zile za kahawia zina umeme hata ukitoa ufunguo na nyingi hazipiti kwa fyuzi, zikigusa chuma zinachoma waya zote za gari. Nimeona gari imeisha hivyo na mwenyewe amesimama kando analia.

mama_mgb

Nakubaliana na fundi na naongeza ju nilipitia hii na gari yangu ya MGB, na ilinichukua miezi.

Usijaribu kupima kinachotoka kwa stebilaiza na multimita ya kidijitali. Namba zitaruka 12, 0, 7, 12, na utaamini imekufa kumbe iko nzima. Tumia ile mita ya zamani ya mshale, au balbu ndogo ya kupimia: ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, stebilaiza inafanya kazi. Ikiwaka tu bila kuzima, volti zote zinapita. Isipowaka kabisa rudi kwa fyuzi, na hapo utapata hata waipa na taa za breki zimekufa ju ziko kwa njia moja ya kijani.

La pili, joto la ukweli. Mwanangu, kabla ya kununua pampu ungeazima ile bunduki ya kupima joto kwa mwanga, siku hizi mafundi wengi wanazo. Ielekeze pale nyumba ya thamostati. Ukipata 85 mpaka 90 na geji iko H, geji ndiyo mwongo. Na hii ni muhimu kwa sisi wa Nairobi: tuko juu, karibu mita 1,800, maji bila presha yanachemka kwa kama digrii 94 hapa, hayangoji 100. Kifuniko cha redieta chenye presha nzuri ndicho kinatuongezea nafasi. Kwa hivyo hicho kifuniko kipya hukupoteza, hata kama hakikuwa dawa ya hii shida.

Kama stebilaiza yenyewe imekufa, mimi niliacha ile ya zamani nikaweka rigyuleta ya 7810 kutoka maduka ya elektroniki ya Luthuli. Ni kitu cha miguu mitatu, inatoa 10 iliyonyooka, na bei ni kama ya soda. Mguu wa katikati ni athi, na mgongo wake wa chuma pia ni athi, kwa hivyo unaufunga kwa skrubu pale pale ganda lilikuwa.

fundi_taa_kirinyaga

Mama hapo kwa 7810 naomba tutofautiane kidogo kwa heshima. Nayo inataka athi. Mtu akiweka 7810 kwa dashibodi ya mbao bila kurudisha waya nyeusi atakuwa na shida mpya juu ya ile ya zamani. Na ile ya zamani inaweza kuishi miaka hamsini, naziona. Atengeneze athi kwanza, kisha ndio aamue. Akirudisha ile ya zamani aangalie imeandikwa TOP, huo upande ukae juu, ikilazwa vibaya inasoma vibaya.

mama_mgb

Hapo kwa athi sina ubishi. Athi kwanza.

rpm_umoja

Nimejifunza, nilikuwa nimekimbilia sensa. Niongeze moja basi: ukiwahi kubadilisha hiyo sensa usifunge nyuzi zake za skrubu (pale inapokazwa kwa injini) na ile tepu nyeupe ya mabomba, inaiziba athi ju sensa inapata athi kwa zile nyuzi. Na mshale wa rpm unaotetemeka, kwa TR6 huo ni kebo kutoka kwa distribyuta (kigawa umeme wa plagi), si umeme. Itoe, ioshe, ipake grisi kidogo, angalia haijapinda kona kali vile dashibodi ilirudishwa.

mtoto_wa_ngara

Wadau nimerudi. Leo nimeshinda chini ya dashibodi tangu saa mbili asubuhi, mzee ameketi hapo kwa kiti chake ananishikia tochi.

Kwanza nimeazima ile bunduki ya joto kwa jirani. Nyumba ya thamostati ilikuwa 86, na wakati huo huo geji iko karibu H. Nilisimama hapo nikaangalia hiyo namba mara tatu. Halafu nikaweka waya wa klipu vile fundi alisema, kutoka ganda la stebilaiza (kwa yangu imefungwa mgongoni mwa spidomita) mpaka boliti moja tupu ya bodi. Sekunde za kwanza hakuna kitu. Halafu ule wa joto ukaanza kushuka, polepole, polepole, ukakuja ukasimama katikati pale ulikuwa unakaa miaka yote. Ule wa petroli ukashuka mpaka juu tu ya E (tupu), na kweli niliweka lita tano peke yake. Mzee alisema "hapo ndipo pake", akanyamaza.

Nilipofungua nimepata waya mweusi wa spidomita umekunjwa nyuma umefungwa na tepu, haujaunganishwa kokote. Mwingine wa geji ya joto umefungwa juu ya vanishi kabisa. Nimekwangua, nimeweka terminali mpya, nimeongeza waya mmoja wangu kutoka mgongo wa spidomita moja kwa moja hadi kwa bodi ndio nisitegemee ule mmoja tu. Balbu ya mama_mgb inawaka na kuzima vizuri, kwa hivyo stebilaiza ya 1973 inabaki. Kebo ya rpm nayo ilikuwa imepinda vibaya nyuma ya kisanduku cha glavu, nimeinyoosha, bado inatetemeka kiasi, grisi nitapaka wiki ijayo.

Jumapili nitajaza tanki nikiandika kila lita tano mshale umefika wapi, ndio nijue ukweli wake. Fundi naomba unitumie ujumbe, nataka nikuletee uangalie hizo waya za kahawia.

fundi_taa_kirinyaga

Nimekutumia. Ilete Jumanne asubuhi, na uje na mzee.