Kikundi cha Ukoo: Kazi ya Zuhura ya Mtandaoni

Zuhura (Mikindani), saa 1:10 usiku: Shikamooni wazee wangu. Ninaomba mkopo wa shilingi 150,000, hasa kwa Mjomba kama malipo ya korosho yameshaingia, kwa sababu nimepata kazi ya kufanyia nyumbani kwa simu, na akaunti yangu huko ina shilingi 480,000 ambazo hazitoki mpaka nilipie dhamana. Wamesema kesho saa nne asubuhi nafasi yangu inafungwa.

Mjomba (Tandahimba): Marahaba mpwa wangu. Fedha za mnada zimeingia tangu Jumatatu. Hata hivyo nieleze kwanza ni kazi ya namna gani, maana ninavyojua mimi, kibarua ndiye anayemdai tajiri.

Zuhura: Ni kuzipa nyota hoteli za nje na kulaiki video, Mjomba. Siku ya kwanza walinitumia shilingi 6,000, zikaingia kweli kwenye simu yangu, ndipo nikawaamini. Baadaye walinihamishia Telegram, kwenye kikundi ambacho wenzangu huweka picha za malipo yao kila jioni.

Rashidi (Ligula): Zuhura, usitume hata senti. Hizo 6,000 ni chambo. Hiyo 480,000 unayoiona wameiandika wenyewe kwenye tovuti yao, kama mimi ninavyoweza kuandika ubaoni kwamba nina ng'ombe mia. Ukilipa dhamana watakuja na kodi, kisha ada ya kusahihisha kosa, na kila mara kiasi kitapanda. Hao wenzako wa kikundini huenda ni watu wawili wenye laini nyingi.

Shangazi (Lindi): Lakini Rashidi, wewe mwenyewe ulituambia kuwa rafiki yako anawatafsiria Wazungu akiwa hapo hapo Mtwara. Mbona yeye analipwa?

Rashidi: Ni kweli, Shangazi. Yeye aliiomba kazi mwenyewe, akasailiwa kwa video, na hulipwa kupitia Upwork, tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, ambako kwa kazi ya bei moja iliyokubaliwa mteja hutanguliza fedha zikahifadhiwa kabla kazi haijaanza. Sitawaficha kwamba hata huko huuzwa tokeni za kuombea kazi, kwa hiyo si sahihi kusema kazi halali haina gharama yoyote. Tofauti ni kwamba hakuna anayekutaka ulipe ili upewe ujira ulioufanyia kazi. Tapeli akiingia humo, haraka yake ni kukuhamishia Telegram au WhatsApp, asionekane.

Zuhura: Barua yao ina nembo ya kampuni ya Uingereza na sahihi ya mkurugenzi, Kaka.

Rashidi: Nembo hunakiliwa. Anwani iliyoleta barua hiyo ni ya gmail, kama yangu na yako, ilhali kampuni yenyewe ina tovuti yake. Ingia huko kwa kuandika jina la kampuni wewe mwenyewe, bila kubofya kiungo chao, uone kama nafasi hiyo imetangazwa. Kisha ingiza ile namba ya kulipia kama unayetuma shilingi 1,000, soma jina linalotokea, na ughairi kabla ya kuweka namba ya siri.

Zuhura, saa 2:02 usiku: Limetokea jina la mtu, tena la hapa hapa Tanzania. Kaka, kuna jambo sikulisema. Niliwatumia picha ya kitambulisho changu cha NIDA, mbele na nyuma.

Mjomba: Mpwa wangu!

Rashidi: Basi hilo ndilo la kushughulikia usiku huu. Laini husajiliwa kwa alama ya kidole, hivyo picha peke yake haitoshi, lakini wanaweza kuitumia kujifanya wewe kwa watu wengine. Piga *106# uangalie laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na meseji zao zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Wakikuomba zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp yako, usiwape.

Zuhura: Zimetokea laini tatu. Mbili ni zangu, na ya tatu, inayoishia na 09, siifahamu kabisa. Mikono inanitetemeka.

Shangazi: Hiyo ni yangu, mwanangu. Ulinisajilia kwa kidole chako pale Ngongo siku za Nane Nane, nilipokuwa bado sijapata namba ya NIDA. Tafadhali usiifunge, ndiyo ninayopokelea fedha za ufuta.