Mtafiti wa saratani apimwe kwa wingi wa makala? Mimi napinga

Wadau, nauleta hapa mjadala uliotugawa juzi kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Mwombaji, daktari wa saratani za watoto, alikataliwa kwa kuwa makala zake ni chache na hazinukuliwi sana. Mwenzetu mmoja aliutetea uamuzi ule: namba hazina ndugu wala kabila, alisema, tukiziacha tutarudi kwenye kujuana. Hoja hiyo ina uzito, nitaijibu. Kwanza twendeni Hospitali ya Mulago, Uganda.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliitwa wodini pale Kampala kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye akamkuta mwingine Jinja, uvimbe uleule. Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa. Makala yake kuhusu uvimbe huo, saratani ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt, ilitoka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na ni wachache mno walioishughulikia. Angeleta faili lake mezani kwetu mwaka 1960, naamini tungemrudisha.

Machi 1961 alitoa mhadhara London. Ukumbini alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, na baada ya hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika jarida la kitabibu la The Lancet kwamba wameona kirusi, sasa kikiitwa kirusi cha Epstein-Barr, ndani ya seli za uvimbe huo. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt naye hakukaa. Alikuwa ametuma hojaji zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita kama 16,000. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwenye miinuko ya baridi hauonekani. Ndipo malaria ikaanza kushukiwa kuwa inachangia. Miaka ya 1970, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu wakafuatiliwa. Waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi za kirusi kile tangu kabla ya uvimbe kutokea.

Sasa hebu tuhesabu. Mganga wa misheni aliyejibu hojaji ile ana nukuu ngapi?

Kielezo cha h, kipimo tunachokitegemea sana, kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na 20, maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa mara 20 au zaidi. Hakishuki hata ukiacha kazi, na kinawapendelea walio kwenye fani yenye watu wengi. Anayeandika kuhusu saratani ya matiti ana maelfu ya wenzake wa kumnukuu. Wa uvimbe wa taya za watoto wetu atanukuliwa na nani, ilhali wanaoutafiti ni wachache?

Nakubali, kujuana kupo, nimekuona kwa macho yangu. Lakini dawa yake ni kusoma kazi zenyewe. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilishasema mtafiti asipimwe kwa ukubwa wa jarida alilochapishia. Mwombaji alete kazi tano, aeleze kila moja imebadilisha nini, kisha wasomaji wawili wasiomfahamu wazisome mwanzo hadi mwisho. Itatuchukua muda, najua. Lakini katika kikao kile hakuna aliyekuwa amefungua hata makala moja ya yule daktari, nami nikiwemo, na hilo linaniuma hadi leo.

Daktari huyo aliandaa mwongozo wa dozi kwa watoto wenye uvimbe huu, na wauguzi wameubandika ukutani wodini. Haukuhesabiwa kwa kuwa si makala. Ninyi mnaokaa kwenye vikao vya namna hii, kwenu ungeingia kifungu gani?