Naomba ushauri: nyasi hii ni Cenchrus ciliaris au ndugu yake Cenchrus setigerus?

Wakuu, habari za leo. Naombeni msaada wa kutambua nyasi iliyojiotea kwenye kiwanja cha mchanga mkavu, Kigamboni. Ni ya kudumu, ikifyekwa inachipua tena kwenye kishina kigumu. Urefu wake sm 60 hivi, suke sm 7 la zambarau iliyofifia. Ukilivuta kwa vidole, vifuko vya mbegu vinapukutika na kubaki kijiti kilichopindapinda.

Nimepasua kifuko chini ya lenzi ya mara 10. Nywele za ndani ni ndefu, laini, zimeungana chini kabisa tu, kama mm 1. Hiyo ni ciliaris, nadhani. Sasa shida ni kichaka cha pili, hatua tatu pembeni: nywele fupi, bapa, ngumu kama miiba, na zimeungana juu zaidi kama kikombe, ndiyo maana nawaza setigerus. Nikizipapasa kutoka chini kwenda nchani hazikwaruzi, kwa hiyo Cenchrus biflorus, ndugu yao mwenye miiba yenye vijino vilivyogeukia chini, nimeiondoa (tena ile ni ya msimu mmoja).

Je, mnaamini kipi zaidi, urefu wa muungano au ubapa wa nywele? Na suke la kukausha kama sampuli nilikate likiwa na umri gani? Lililokomaa limepukutikia lote ndani ya gazeti, na changa halionyeshi muungano vizuri.