Kanisa la Gesté: kijiji kilikuwa na haki ya kulibomoa?

Mama Angers
Ndugu zangu, jambo hili linaniuma hadi leo. Mwaka 2013 kijiji cha Gesté, huku kwetu Maine-et-Loire, magharibi mwa Ufaransa, kilibomoa kanisa lake la Saint-Pierre-aux-Liens. Lilikuwa la karne ya 19, kwa mtindo wa Gothiki mpya, ulioiga makanisa ya Zama za Kati. Wakabakiza mnara wa kengele na chumba cha chini ya altare. Halmashauri ilidai ukarabati ni ghali mno. Wenyeji walipambana hadi mahakamani, na mashine zikaja vilevile. Kweli walikuwa na haki? Mimi nasema hapana.

Mzee wa Hoja
Haki walikuwa nayo, mama. Serikali ilichukua makanisa yote kwa ile sheria ya 1901. Na miaka 150 si ukale. Gothiki ni lile kanisa kuu la kale la Chartres, hilo la Gesté ni nakala tu. Halafu nani angesali humo? Wafaransa wameacha misa, ndiyo maana wanaagiza mapadre kwetu kama wanavyoagiza kahawa.

Kaka wa Padre
Kama kahawa? Mdogo wangu ni padre, katoka Bukavu, anahudumia makanisa 18 katika parokia moja huko Ufaransa. Jumapili anatoka giza, anarudi giza. Hakuagizwa na mtu, katumwa na askofu wake. Na waliotuletea misa sisi ni akina nani? Wamisionari wa Mapadre Weupe walianzishwa na Lavigerie, Mfaransa, mwaka 1868. Futa hilo neno.

Mwanasheria wa Kijiweni
Sheria ni ya 1905, ya kutenganisha dini na dola. Ile ya 1901 ni ya vyama. Na si "serikali" kwa jumla: makanisa makuu mengi ni ya dola, ya parokia yaliyokuwepo kabla ya 1905 ni ya kijiji chenyewe. Papa Pius X alikataa vyama vya ibada ambavyo vingepokea majengo, basi yakabaki mikononi mwa halmashauri. Waumini na padre wanayatumia bure. Alsace na Moselle, huko mashariki, wana utaratibu wao.

Fundi Chokaa
Mimi nimeudhika na "nakala". Mzee, umewahi kuchonga jiwe la tao? Fundi wa 1860 alilichonga kwa mkono, moja moja, likae na mwenzake juu ya vichwa vya watu. Nimefanya kazi majumba ya matumbawe Mji Mkongwe, kisha nikapata kazi bonde la Loire. Jiwe lao wanaliita *tuffeau*, ni laini kama la kwetu. Nilipitisha kiganja kwenye nguzo ya kanisa moja la kijijini, kikarudi cheupe kama nimekanda unga. Kisa? Paa la vigae vya jiwe limepasuka, maji yanashuka ukutani, baridi inayagandisha ndani ya jiwe. Halafu mtu alikuwa amepiga plasta ya saruji, ukuta haupumui. Chokaa ingeliokoa.

Mzee wa Hoja
Fundi, nakala nimeiondoa. Lakini wewe kaka usinilazimishe kufuta ukweli. Parokia zetu nazo zina uhaba wa mapadre. Mama yangu alizikwa na katekista, padre alikuwa vigango vya mbali.

Kaka wa Padre
Pole kwa mama, sikujua. Lakini hasira yako iko kwa askofu, si kwa mdogo wangu.

Mama Angers
Jamani, nimeuliza habari za kubomoa! Kijiji cha watu wasiofika 3,000 kinabeba jengo la ukubwa ule peke yake. Mwaka 2023 Rais Macron alizindua mchango wa taifa kwa majengo ya ibada ya vijiji na miji midogo. Gesté ilikuwa imekwisha kubomolewa miaka kumi nyuma.

Mzee wa Hoja
Kaka, mdogo wako anaishije huko? Makanisa 18, funguo zote anashika yeye?

Kaka wa Padre
Ya kanisa anashika yeye. Ya mnara wa kengele, meya naye ana yake.

Mwanasheria wa Kijiweni
Kweli kabisa. Meya anaruhusiwa kupiga kengele kukiwa na hatari.

Mzee wa Hoja
Basi siku ile ya Gesté, nani alipiga?