Tupeane uzoefu: shokapu za upepo kwenye pikipiki kubwa, zilikugomea wapi?

Wakuu, habari za Jumapili. Wenye zile pikipiki kubwa za siti ya chini na usukani mpana, mliothubutu kufunga shokapu za upepo (zile unazojaza hewa pikipiki ipande, ukiitoa inashuka), njooni tusimuliane. Hapa Mwanza ukimtajia fundi shokapu ya upepo anakuuliza, "Tairi la mbele au la nyuma?"

Naanza mimi. Nina Honda Shadow 750. Seti aliniletea shemeji aliyekuwa nje: shokapu mbili, kompresa ndogo, valvu za umeme na mrija mweusi. Kufunga kulikula Jumamosi mbili hapa Nyakato. Kupanda inapanda vizuri tu, ila asubuhi naikuta imelala chini kama mbwa aliyeshiba. Ikazidi. Siku moja nimepaki foleni ya kivuko cha Kamanga, nikaenda kunywa chai na chapati. Narudi, nyuma imeshuka, stendi ya pembeni imebaki ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki imesimama wima inatafuta pa kuangukia. Wabeba dagaa wawili ndio walionisaidia kuishika.

Fundi akasema kompresa imekufa. Nikagoma. Nikakoroga sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nikapitia kila kiungo. Kwenye kimoja povu likaanza kutokota. Kumbe mrija niliukata kwa koleo, mdomo ukawa wa mshazari na umebonyea, oringi ya ndani (kile kipete cha mpira) haikuubana. Nikaukata upya kwa wembe, sawasawa, nikausukuma mpaka ukagota. Gharama yote: wembe mmoja.

Haya, nani anafuata?

Mzee wa Kisesa
Ng'wanawane, ya kwangu ni Harley ya zamani, haina kompresa. Shokapu zina kinywa kama cha tairi, unajaza kwa pampu ya mkono. Kitabu chake kinaishia psi 35. Nikampa kijana wa pancha ajaze, akachomeka kompresa lake la malori. Nafasi ya upepo humo ndani ni ndogo mno, sekunde moja tu ikapita kiwango. Nilisikia "pfuu", na kufika nyumbani mafuta yanachuruzika mguuni mwa shokapu. Sili za kuzuia mafuta zimekwenda.
Na jambo jingine: usipime kwa geji ya kawaida halafu ukashangaa. Ule upepo unaotoroka unapochomoa geji, kwenye tairi si kitu, kwenye shokapu ni mwingi.

Dada wa Pasiansi
Mzee pole. Mimi yangu ni umeme. Fundi aliiungia kompresa kwenye waya wa taa ya mbele, eti karibu na swichi. Nilikuwa naelekea Usagara, nikabonyeza kupandisha, taa ikafifia, nikasikia harufu ya plastiki. Waya umeyeyuka mpaka umeshikana na mwenzake. Kompresa inavuta umeme mwingi inapoanza. Sasa hivi waya mnene unatoka betri moja kwa moja, fyuzi ipo karibu kabisa na betri, kisha rilei (kile kidude kinachobeba umeme mkubwa), na swichi inaamrisha rilei tu. Napandisha injini ikiwa inawaka.

Dogo Mwaloni
Mimi nina Boxer na magunia ya dagaa. Shokapu ikilegea nazungusha ile kola ya springi, safari inaendelea 😂 Nyie endeleeni kujaza upepo.

Mzee wa Kisesa
Dogo, mgongo wako tutauuliza ukifika miaka hamsini.

Fundi Mabatini
Kabla hujaunga mrija wowote, shusha pikipiki mpaka chini kabisa, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Niliwahi kuruka hatua hiyo. Boliti ya pleti namba ilikuwa imechungulia ndani ya madigadi. Mteja alipakia mkewe, wakapita matuta ya Buzuruga, tairi likarudi na mfereji kulizunguka lote. Tairi jipya nikalipa mimi.
Na wenye Harley za aina ya Softail za kabla ya 2018 msinunue seti ya shokapu za kawaida. Zenu zimelala chini ya fremu na zinafanya kazi kinyume: gurudumu likipanda, shokapu inavutika badala ya kujikunja.
Mleta mada, imeacha kushuka kweli?

Mleta mada
Fundi, umeniotea. Ilikaa siku nne, leo nimeikuta chini tena. Viungo vyote vikavu, hakuna povu. Nimechukua kile kimrija cha valvu ya kutolea upepo, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji na pikipiki ikiwa imejazwa. Nimekaa kwenye kigoda naangalia. Kipovu kimoja. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, kikatoka kingine. Valvu haifungi, nadhani ni vumbi la plastiki la siku ile nakata mrija. Kesho naifungua, nitaleta picha.