Mchoro wa hali, wa shughuli au wa mfuatano: upi usomwe kama rejea ya mfumo?

Soko_Matola: Wakuu, salaam. Mfumo ni wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya parachichi Rungwe: mzigo unapimwa, unakaguliwa, mkulima analipwa kwa simu. Waandika programu wawili wako Mbeya, mmoja Iringa, na mchoro uleule kila mmoja anausoma kivyake. Kati ya michoro hii mitatu ya UML (lugha ya michoro ya kueleza programu), upi uwe rejea?

Uyole_17: Malipo yachoree mchoro wa hali, mkuu: visanduku ni hali, mishale ni matukio yanayokutoa hali moja kwenda nyingine. Ila nao una mitego. Chukua hali kubwa "Inalipwa", na ndani yake "Inasubiri jibu". Tukio la "ghairi" lina mshale unaotoka kwenye hali ya ndani na mwingine unaotoka kwenye hali kubwa. Kwa UML, wa ndani unashinda. Kwa STATEMATE, programu ya kuchora na kuendesha michoro ya hali, inayofuata statechati (michoro ya hali) za David Harel za 1987, unashinda wa nje. Mchoro ni mmoja, lakini mkulima anaweza kulipwa au asilipwe kutegemea nani aliusoma.

Tena jibu la mtandao wa simu likichelewa, likakuta malipo yako "Yamefungwa" na hakuna mshale wa kulipokea, UML inalitupa kimya kimya. Hakuna kosa linalotolewa. Chora mshale wa kwenda "Kagua kwa mkono", au liandike ndani ya hali kuwa ni tukio la kuahirishwa.

KihesaJuu: Kwa malipo sawa. Kwa ghalani nitapinga, pale mchoro wa shughuli (hatua za kazi, moja baada ya nyingine) ndio unaosomeka hata na karani. Angalia kitu kimoja tu: mzigo ukikataliwa, watu huchora mshale unaorudi moja kwa moja kwenye "Pima". Sasa "Pima" ina mishale miwili inayoingia. Tangu UML 2 maana yake ni kwamba inasubiri tokeni (alama inayoruhusu hatua ianze) kutoka kwenye YOTE miwili, na wa pili hautaleta kitu kabla ya kupima. Kazi haianzi kamwe. Weka almasi ya kuunganisha kabla ya "Pima", mishale yote miwili iingie humo, utoke mmoja.

Mufindi_Kijani: Mchoro wa mfuatano (nani anamtumia nani ujumbe) usiufanye rejea, dada. Unaonyesha safari mojawapo, na usichokichora hakijakatazwa. Pia urefu wa ukurasa unadanganya: mizani ikitumia ujumbe ghala, na chini yake seva ikitumia ujumbe benki, hakuna kinachosema upi unatangulia. Mpangilio unabana kwenye mstari wa mshiriki mmoja tu. Utumie kutengenezea majaribio.

Soko_Matola: Asanteni. Je, masharti ya kwenye mishale? Tumeandika [kilo >= 20] kwenda "Daraja A" na [kilo <= 20] kwenda "Rejareja".

Uyole_17: Kilo 20 kamili, masharti yote mawili ni kweli, na UML haisemi ipi ichaguliwe. Mashine itachagua yoyote. Ukiandika > na < unahamishia shimo upande mwingine: kwa 20 hakuna mshale unaofunguka, tukio linatupwa. Andika [kilo >= 20] na [else].

KihesaJuu: Na kwenye kona ya kila mchoro andika "UML 2.5.1". Kwenye UML 1 mchoro wa shughuli ulihesabiwa kuwa aina ya mchoro wa hali, kwa hiyo aliyesomea vitabu vya zamani hazungumzi lugha moja na aliyesomea UML 2.